KOMPYUTA INAYOWAKA KWA TABU: TULICHOJIFUNZA LULINDI

Mada hii ilitolewa na ofisi ya miradi ya dayosisi mbele ya wajumbe wa kamati za sharika za Masasi na Newala, katika semina ya siku mbili iliyofanyika Lulindi mwezi Novemba 2024. Tunaichapisha kwa ajili ya kamati ambazo hazikuhudhuria, na kwa ajili ya wafadhili wetu.



Ratiba inaonyesha kwamba mada ya saa hii ni utunzaji wa vifaa vya mradi. Badala ya kuwasomea orodha ya vifaa, tumeona ni bora tuwasimulie habari ya kifaa kimoja. Ni kompyuta ya mezani ya usharika huu, iliyoanza kuwaka kwa tabu mwezi Juni mwaka huu na kugoma kabisa mwishoni mwa Septemba. Tunaisimulia kwa ruhusa ya kamati ya hapa, na kwa ruhusa ya katibu wa mradi mwenyewe. Aidha, tunaisimulia kwa sababu katika jambo hili ofisi yetu nayo ilikosea, na si vizuri tuwafundishe wengine utunzaji huku tukificha uzembe wetu.

Ilivyoanza

Kama mnavyofahamu, usharika huu una mradi wa matangi ya kuvuna maji ya mvua. Matangi mawili yamekamilika, na la tatu lilikuwa linasubiri fedha za awamu ya pili. Makubaliano yetu na wafadhili yanasema kwamba fedha za awamu inayofuata hutumwa baada ya taarifa ya robo mwaka kupokelewa. Taarifa ya robo ya Julai hadi Septemba ilitakiwa ifike tarehe 15 Oktoba. Mahesabu yote, orodha ya kaya na picha za ujenzi vilikuwa ndani ya kompyuta hiyo, na hapakuwa na nakala mahali pengine.

Mwezi Juni katibu alitupigia simu. Alisema kompyuta ukiibonyeza mara ya kwanza haiitikii, na inabidi ibonyezwe mara mbili au tatu. Tulimjibu kwa haraka: "Dada, zima, washa tena, itakaa sawa." Mwezi Agosti akapiga tena, akasema sasa anabonyeza kwa dakika kumi. Tukamwambia asubiri ziara yetu ya Oktoba. Dalili ya mvua ni mawingu, nasi mawingu tuliyaona tukaendelea kuanika korosho.

Tarehe 27 Septemba kompyuta haikuwaka tena. Kamati ikakutana. Muhtasari wa kikao hicho tumeusoma, na una mambo matatu. La kwanza, kwamba kompyuta "imeungua kutokana na matumizi yasiyofaa". La pili, kwamba katibu arudishe ufunguo wa ofisi hadi hapo jambo litakapochunguzwa. La tatu, kwamba waombwe wafadhili kompyuta mpya ya shilingi 1,350,000.

Wajumbe walikuwa na sababu zao. Waliwahi kumkuta katibu ameichomeka kompyuta ukutani asubuhi, kisha akakaa nusu saa nzima bila kuiwasha, huku umeme wa LUKU ukiwa wazi. Walimkuta pia anachaji simu kwenye ekstensheni hiyo hiyo. Wakaunganisha mambo hayo wakapata jibu. Binti huyu ana umri wa miaka ishirini na minne, anajitolea, na malipo yake ni posho ndogo tu. Alirudisha ufunguo bila maneno. Baadaye mama yake alituambia kwamba siku hizo hata kwenye kwaya alikuwa haendi.

Daftari la katibu

Tulifika Lulindi tarehe 8 Oktoba tukiwa na fundi kijana kutoka Masasi mjini. Tulikuwa tumebeba barua ya ofisi iliyoandaliwa tayari, ya kuwaeleza wafadhili kwamba kompyuta imekufa. Mnaona wenyewe: tulikwenda kuchunguza huku hukumu ikiwa mkobani.

Fundi hakugusa kompyuta kwanza. Baada ya kuwaamkia wazee aliuliza swali moja: "Anayeitumia kila siku ni nani? Naomba aitwe." Mzee mwenyekiti akasita kidogo, kisha akamtuma mtoto. Katibu alipofika, fundi alimwuliza kama daktari anavyomwuliza mgonjwa: ilianza lini, inasumbua saa ngapi zaidi, ikisumbua inatoa sauti gani, na kabla ya hapo palitokea nini.

Katibu akafungua mkoba wake akatoa daftari la shule la kurasa 48. Tangu tarehe 11 Juni alikuwa ameandika, kila siku ya kazi, saa aliyowasha, idadi ya mara alizobonyeza, na maelezo mafupi. Tunasoma mistari michache kwa ruhusa yake. "Saa 2 asubuhi, mara 4, baridi." "Saa 8 mchana, mara 1." "Saa 2 asubuhi, mara 9. Jana jioni umeme ulicheza." "Saa 2 na nusu, nimeichomeka nusu saa kwanza bila kubonyeza, imewaka mara 1."

Fundi alisoma kurasa tatu akanyamaza. Kisha akasema, "Wazee wangu, huyu dada amemaliza nusu ya kazi yangu." Akatueleza kwamba kompyuta inayokataa ikiwa ya baridi na kukubali ikishapata joto kidogo, mara nyingi shida yake iko kwenye kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani, ambacho mafundi wanakiita pawasaplai. Ile nusu saa ya kuchomeka bila kuwasha, ambayo kamati iliiona ni kupoteza umeme, ilikuwa ndiyo dawa pekee iliyoiwezesha ofisi kufanya kazi mwezi Julai na Agosti.

Kutoka nje kwenda ndani

Hata hivyo fundi hakuamini daftari peke yake. Alisema kanuni ni kuanza na vitu vya nje, vya bei ndogo, na kuingia ndani hatua kwa hatua, kila hatua ukibadilisha kitu kimoja tu. Ukibadilisha viwili kwa pamoja, hutajua kilichoponya ni kipi. Tunawaeleza hatua hizo kwa mpangilio wake, ili kila kamati iweze kufanya zile zinazowezekana bila fundi.

Hatua ya kwanza ni kujua aina ya ugomvi. Kusema tu "kompyuta haiwaki" hakutoshi. Kuna kompyuta iliyo kimya kabisa: hakuna taa wala feni. Kuna inayowaka sekunde moja kisha ikazima. Na kuna inayowaka vizuri, feni inazunguka, lakini skrini ni nyeusi. Hiyo ya tatu umeme inao. Kasoro yake huwa ni waya wa skrini, kadi za kumbukumbu au ubao mkuu. Mnapompigia fundi simu, mwambieni ni ipi kati ya hizo tatu, maana itamsaidia kujua abebe nini.

Hatua ya pili ni umeme wa ukutani. Chomekeni taa au chaja ya simu kwenye soketi ile ile. Kisha iondoeni ekstensheni, mchomeke kompyuta moja kwa moja ukutani. Ya hapa Lulindi tulikuta tundu moja la ekstensheni limebabuka kwa joto. Tuliiweka kando, lakini kompyuta haikuwaka.

Hatua ya tatu ni waya na plagi. Plagi zetu za miguu mitatu zina fyuzi ndani. Fyuzi ikiungua, waya hauna kosa bali fyuzi ndiyo ya kubadilishwa. Angalieni pia kama panya wameutafuna waya. Waya wa kompyuta na wa printa nyingi ni wa aina moja, kwa hiyo mnaweza kuazima wa printa kwa dakika moja. Tulifanya hivyo, haikuwaka.

Hatua ya nne ni swichi za nyuma. Pawasaplai nyingi zina swichi ndogo ya kuwasha na kuzima, ambayo anayefanya usafi anaweza kuigusa bila kujua. Baadhi ya kompyuta za zamani zina swichi ya pili, nyekundu, iliyoandikwa 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Umeme wa nyumbani Marekani ni volti 120. Katika usharika mwingine wa dayosisi yetu, kompyuta iliyoletwa kutoka Marekani ilichomekwa ikiwa bado kwenye 115. Ulisikika mlio kama wa baruti, ukatoka moshi, na sherehe ya kupokea zawadi ikaishia hapo. Kabla ya kuchomeka kitu chochote kilichotoka nje, someni kibandiko cha volti.

Hatua ya tano ni kuiondoa kwenye umeme kabisa, kisha kubonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia kwa nusu dakika. Hii inaondoa chaji iliyobaki ndani. Baada ya hapo chomekeni na mjaribu tena. Mara nyingine kompyuta iliyogoma baada ya umeme kucheza hurudi kwa hatua hii tu. Yetu haikurudi.

Hatua ya sita ni kufungua kasha, waya ukiwa umechomolewa. Ndani tulikuta vumbi la miezi mingi na mayai mawili ya mjusi. Fundi alipuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli, huku akiizuia feni kwa kidole isizunguke. Alichomoa kadi za kumbukumbu, akasugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli, akazirudisha hadi zikabana. Akatazama betri ndogo ya mviringo ya volti 3, ile inayotunza tarehe na saa. Kompyuta ikiwaka kila siku na tarehe ya miaka ya nyuma, betri hiyo imekwisha. Ya hapa ilikuwa nzima. Kompyuta haikuwaka, lakini kwenye ubao mkuu kulikuwa na kataa ka kijani kalikokuwa kanafifia na kurudi, kanafifia na kurudi. Fundi alitikisa kichwa: "Umeme unafika, lakini unafika umechoka."

Hatua ya saba ni kuazima. Fundi alikuwa amebeba pawasaplai nzima ya majaribio. Aliiunganisha pembeni, juu ya meza, akamwomba katibu abonyeze. Alibonyeza mara moja. Feni ikazunguka, ikalia mlio mmoja mfupi, na picha ikatokea. Ilikuwa saa 6 na robo mchana. Mama mhazini alipiga kigelegele, lakini katibu mwenyewe alikaa kimya akiitazama skrini.

Ugonjwa wenyewe

Pawasaplai ya zamani fundi aliibeba, akaifungua kesho yake kwenye karakana yake, akatuletea tuione. Tunasisitiza: mtu asiye fundi asiifungue. Ndani yake umeme wa volti 230 hugeuzwa kuwa umeme wa mkondo mmoja unaofikia volti 320 na zaidi, na chaji hiyo inaweza kubaki ndani hata baada ya waya kuchomolewa. Inaweza kuua.

Ndani mna vikopo vidogo vinavyoitwa kapasita. Kazi yake ni kama ya matangi yetu ya maji: yanapokea yanayokuja kwa vipindi na kutoa kwa mtiririko ulio sawa. Ndani ya kila kikopo kuna majimaji. Joto likizidi, majimaji hayo hukauka polepole. Mafundi wana kipimo cha kukadiria kwamba kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, maisha ya kapasita hupungua kwa nusu. Kapasita iliyokaukiwa hufanya kazi vibaya zaidi ikiwa ya baridi, na ndiyo maana daftari la katibu lilionyesha tabu kubwa asubuhi za Juni na Julai, na nafuu mchana. Tatu kati ya hizo tulizoonyeshwa zilikuwa zimevimba juu kama kopo la nyanya lililoharibika.

Ugonjwa huu hauko huku kwetu peke yake. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi katikati ya miaka ya 2000, kapasita mbovu zilisambaa duniani na kuharibu vifaa vingi. Mwaka 2005 kampuni ya Dell ya Marekani ilitangaza kutenga dola milioni 300 kwa ajili ya kushughulikia kompyuta zenye kapasita hizo. Kompyuta ya Lulindi si ya kampuni hiyo wala si ya miaka hiyo. Tunalitaja jambo hili ili ieleweke kwamba kapasita ikivimba, aliyebonyeza kitufe hana kosa.

Kwa nini hapa

Bado kulikuwa na swali: kwa nini pawasaplai hii ilichoka mapema? Fundi aliacha multimita yake kwa katibu, akamwonyesha namna ya kupima kwa usalama, na kumwomba aandike. Saa 5 asubuhi soketi ilionyesha volti 224. Saa 1 jioni, mashine ya kusaga na karakana ya kuchomelea zikiwa kazini, ilionyesha volti 178.

Tangu Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulipoanza kazi mwaka 2007, umeme umefika kwenye vijiji vingi ambavyo wazee wetu hawakutegemea kuuona. Hiyo ni neema. Lakini waya ukiwa mrefu na watumiaji wakiwa wengi kwa wakati mmoja, volti hupungua mwishoni mwa njia, kama maji yanavyopungua kwenye bomba refu lenye matoleo mengi. Kompyuta haijui kupunguza kazi kwa sababu volti zimepungua. Inavuta mkondo mwingi zaidi ili ipate nguvu ile ile, na mkondo mwingi ni joto. Ongezeni vumbi lililoziba feni, na joto linakosa njia ya kutokea.

Pawasaplai ya zamani iliandikwa volti 200 hadi 240. Mpya tuliyonunua imeandikwa 100 hadi 240. Tofauti hiyo ya maandishi madogo ni kubwa kwa mahali kama hapa. Aidha tulinunua stabilaiza, kifaa kinachopandisha volti zikishuka na kuzishusha zikipanda. Stabilaiza haihifadhi umeme. Umeme ukikatika, nayo imekatika. Kifaa kinachohifadhi umeme ni UPS, ambayo inampa mtumiaji dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Betri ya UPS nayo huchoka, na katika joto letu huchoka mapema. UPS iliyokufa betri haimlindi mtu yeyote, ingawa inapendeza mezani.

Taarifa hazikupotea

Wajumbe wengi waliamini kwamba kompyuta ikifa, taarifa zimekufa nayo. Mzee mmoja alituuliza kwa uchungu: "Wanangu, sasa majina ya kaya zote tuanze upya?" Hapana. Taarifa zimeandikwa kwenye diski kuu, na diski haihitaji umeme ili kukumbuka. Hata kama ubao mkuu ungekuwa umekufa, fundi angechomoa diski, akaiunganisha na kompyuta nyingine na kunakili kila kitu. Tofauti ni pale diski yenyewe inapoharibika. Hapo kweli kuna msiba, nao hauna dalili nyingi.

Kwa hiyo siku ile ile, kabla hata ya chai, tulinakili mafaili yote kwenye flashi mbili. Moja inakaa kwa mhazini, ya pili iko ofisini kwetu. Taarifa ya robo mwaka iliondoka tarehe 14 Oktoba, siku moja kabla ya mwisho.

Hesabu, na jambo lisilo na hesabu

Pawasaplai ilikuwa shilingi 45,000, stabilaiza 85,000, ufundi na nauli ya fundi 20,000. Jumla ni shilingi 150,000. Kompyuta mpya iliyoombwa ilikuwa shilingi 1,350,000, yaani mara tisa. Na tufikiri pamoja: kompyuta hiyo mpya ingechomekwa kwenye soketi ile ile yenye volti 178 jioni, kwenye ekstensheni ile ile iliyobabuka. Baada ya muda tungekuwa tunaandika barua nyingine, na pengine tungekuwa tumemtafuta katibu mwingine wa kulaumiwa.

Jambo lisilo na hesabu ni binti yule. Tarehe 9 Oktoba kamati ilikutana tena. Mzee mwenyekiti alisimama, akasema mbele ya wajumbe wote: "Mwanangu, tulikuhukumu bila kukuuliza. Tusamehe." Akampa ufunguo kwa mikono miwili. Nasi tulisimama tukasema kwamba simu za Juni na Agosti zilitufikia, na kwamba kama tungemsikiliza mwezi Juni, tungetumia shilingi 45,000 na yote haya yasingetokea. Katibu alishukuru. Akasema neno moja ambalo tumekuwa tukilirudia njiani tangu siku ile: "Daftari lilikuwepo mezani wakati wote."

Hapa Lulindi historia ya kuanza kwa kumsikiliza mgonjwa ni ya siku nyingi. Dk. Leader Stirling, mganga kutoka Uingereza aliyefika upande huu mwaka 1935 na kufanya kazi katika hospitali ya misheni ya Kianglikana, baadaye alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania katika miaka ya 1970. Mganga yeyote, mwenye hospitali au asiye nayo, huanza kwa kuuliza kabla ya kupasua. Kwa vifaa vyetu tumekuwa tukianza na kisu.

Tunachoomba kwa kamati

Kwanza, kila kifaa kiwe na daftari lake, na daftari hilo lisomwe kwenye kikao cha kila mwezi. Kifaa kikianza kusumbua, tuambieni wiki hiyo hiyo. Nasi tukisema "zima, washa", tukumbusheni Lulindi.

Pili, kabla ya kuandika neno "uzembe" kwenye muhtasari, fanyeni hatua za nje: soketi, ekstensheni, waya, fyuzi, swichi. Hazihitaji fundi. Na aitwe anayekitumia kifaa, aulizwe kwa heshima.

Tatu, vumbi lipulizwe kila baada ya miezi mitatu. Kompyuta isiwekwe sakafuni, na wakati wa radi ichomolewe.

Nne, kila Ijumaa nakala ya mafaili ikae kwenye flashi nje ya ofisi. Flashi iliyo kwenye droo ya meza ile ile si nakala. Itaibwa pamoja na kompyuta.

Tano, bajeti ya kila mwaka iwe na mstari wa matengenezo, hata kama ni mdogo. Msimu wa korosho ndio wakati sadaka inaongezeka. Tengeni kidogo wakati huo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tunachoomba kwa wafadhili

Kwenu wafadhili, tunashukuru kwa vifaa mlivyotupa, na tunaomba mtuvumilie tukisema wazi. Kompyuta isiyo na stabilaiza, huku kwetu, ni kama pikipiki isiyo na matairi ya akiba kwenye mchanga. Mkituma kompyuta iliyotumika, hakikisheni inakubali volti 230, na ikiwezekana tumeni na pawasaplai ya akiba. Mkitupa fedha za kununulia hapa nchini, turuhusuni sehemu yake iende kwenye matengenezo na ulinzi wa umeme. Fomu nyingi za maombi zina nafasi ya "vifaa" lakini hazina nafasi ya "kuvitunza", na ndiyo maana kamati zetu zimezoea kuomba kipya badala ya kutengeneza kilichopo. Tabia hiyo tumeijenga pamoja, sisi na ninyi.

Hatusemi kwamba shida imekwisha. Volti za jioni bado zinashuka. Tulipopima jana usiku zilikuwa 181. Kompyuta hii nayo ina umri, na siku moja itastaafu kweli. Ikifika siku hiyo, tunataka ombi la mpya liambatane na kurasa za daftari, ili anayesoma aone kifaa kilivyotumika na kilivyoishia.

Tangi la tatu limeanza kujengwa wiki iliyopita, na wanaotoka semina wanaweza kuliona nyuma ya shule ya chekechea. Kompyuta iko ofisini, na katibu yupo. Mnakaribishwa wakati wa mapumziko mkaibonyeze wenyewe. Mara moja inatosha.